Februari 2020 na Nondo Waliyoiondoa

Nitasema mapema ili asiyetaka ageuze ukurasa: marekebisho ya kwanza ya BS 7671:2018, kanuni za Uingereza za kufunga stima, yaliyochapishwa Februari 2020, yalikosea kwenye kifungu 722.411.4.1, na yalikosea pakubwa. Mengine ndani ya sehemu ya 722 ni kazi safi: chaja ipewe sakiti yake, iwe na RCD yake ya miliampea 30. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kipengele kimoja kilichoruhusu chaja ya gari ifungwe nje ya nyumba yenye PME bila nondo ya arthi, alimradi kuna kifaa kinachochungulia volti.

Mnajua tulikotoka. Toleo la 18 lilipoanza kutumika Januari 2019 liliziba ule mwanya wa zamani uliowaachia wenye nyumba za makazi watumie arthi ya PME wakisema njia nyingine ni ngumu. Nilipiga makofi. Kwenye PME nyutro na arthi ni waya mmoja hadi mlangoni kwa mteja, na waya huo ukikatika barabarani, kila chuma kilichofungwa arthi kinapanda volti. Ndani ya nyumba friji, bomba na sinki hupanda pamoja, kwa hivyo mikono miwili haioni tofauti kubwa. Gari liko nje. Limekalia mpira, bodi yake imeungwa na waya wa arthi wa chaja, na anayeligusa amesimama juu ya udongo wenyewe. Kijana anayeosha Nissan Leaf kwa jagi, pekupeku, maji yakimtiririkia miguuni huku plagi ikiwa bado imechomekwa, yeye ndiye njia fupi ya stima kwenda ardhini. Toleo la 2018 lilimwona kijana huyo. Wino haujakauka, wakamsahau.

Sababu yao naielewa, ila siikubali. Uani kwa Mwingereza kumefunikwa zege, na chini yake kuna bomba la gesi na kebo za watu. Kugongelea nondo pale ni bahati nasibu, na wafungaji walilalamika. Badala ya kuwaambia watafute pa kuchimba, kamati inayoandika kanuni hizo ikawapa kifaa. Kifungu kinasema kwenye nyumba ya fezi moja kifaa kikate chaja, pamoja na waya wake wa arthi, ndani ya sekunde 5 endapo volti kati ya laivu na nyutro itapita 253 au itashuka chini ya 207. Hiyo ni 230 jumlisha au toa asilimia kumi. Mantiki ni kwamba nyutro ikikatika, volti itayumba, na kifaa kitaona.

Kitaona wakati mwingine. Nyutro ikikatika kwenye waya unaoingia nyumba moja tu, volti kati ya laivu na nyutro inaanguka na kifaa kinakata, sawa. Lakini ikikatika juu zaidi, kwenye laini ya fezi tatu inayolisha mtaa mzima, nyutro inabaki ikielea katikati ya fezi tatu na inasogea kufuata mzigo wa majirani. Hapo chukua kalamu. Weka fezi yako kwenye 240 yetu ya Kenya, sogeza nyutro kwa pembe ya mraba kwa volti 80, kisha mtumie Pythagoras: volti kati ya laivu na nyutro inasoma 253. Haijapita. Kifaa kiko kimya na taa yake ya kijani inawaka, ilhali bodi ya gari imesimama volti 80 juu ya ardhi. Mzigo wa majirani ukiisogeza nyutro upande mwingine ndani ya pembetatu ile ile ya fezi, unafika zaidi ya volti 120 bila kugusa mpaka wa 207 wala wa 253. Kifungu hicho hicho, kipengele kinachotangulia, kinaweka volti 70 kuwa mwisho wa kuvumilika. Kwa hivyo kamati iliandika mpaka kwenye mstari mmoja na kuuvunja kwenye mstari unaofuata. Huyu ni mlinzi anayekagua geti wakati mwizi anaruka ukuta.

Mtu ataniuliza Masalani inahusikaje na kamati ya London. Inahusika kwa sababu sisi tumelelewa na kitabu cha IEE, ambacho ndicho kanuni hizo hizo kwa jina la zamani, na chaja zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza zikija huku zinakuja na maelezo yao. Bei maalumu ya stima ya kuchajia magari ilipoanza 2023, watu wakaanza kuulizia chaja hata mbali na Nairobi, na mwenye gari Masalani, zaidi ya kilomita 140 kusini mwa Garissa mjini, hana budi kuchajia nyumbani. Fundi anafungua boksi, anasoma kwamba nondo haihitajiki, anafurahi. Sasa waya wa arthi wa chaja ataupeleka wapi? Maelezo yanamwambia autie kwenye arthi ya kampuni ya stima. Kwetu mazoea ni kila nyumba kujichimbia arthi yake, na arthi ya kampuni hiyo haipo. Basi mvivu ataizalisha mwenyewe: ataunga nyutro na arthi ndani ya boksi la mita na kuondoka. Hapo ameleta hatari ya PME mahali ambapo PME haikuwepo.

Na nyutro yenyewe ni ipi? Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka baada ya kuhujumiwa, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Kwenye nchi ambayo mnara mzima unafunguliwa boliti, mimi siwezi kukabidhi maisha ya mtu kwa waya mmoja wa nyutro unaopita juu ya nguzo za mbao.

Tena dirisha lenyewe haliko mahali pake. Kwa Mwingereza, 230 iko katikati ya 207 na 253. Kwetu 240 ina nafasi ya volti 33 kushuka na 13 tu kupanda. Transfoma ya mashambani huwekwa tepu ya juu ili nyumba ya mwisho wa laini ipate kitu, kwa hivyo nyumba iliyo karibu nayo, saa nane usiku mzigo ukiwa umelala, inaweza kusoma zaidi ya 253 bila hitilafu yoyote. Nyumba ya mwisho nayo inashuka chini ya 207 jioni feni na friji zikianza. Chaja inakata, inarudi, inakata. Baada ya wiki, fundi anaitwa aondoe usumbufu. Mnajua ataondoa nini.

Tuje kwenye udongo. Kando ya Tana kuna udongo mweusi wa mafuriko, unaovimba mvua ya gu ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi cha jilaal. Ufa ukipita kando ya nondo, chuma kinabaki kikigusana na hewa. Ukiondoka mtoni unakutana na mchanga, na mchanga mkavu haupitishi stima kirahisi. Kwenye udongo mzuri wa ohm-mita 100, nondo ya futi nne inatoa karibu ohm 72. Kwenye mchanga wa ohm-mita 1000, nondo ile ile inatoa karibu 716. Unganisha mbili kwenda chini, futi nane, unapata karibu 404.

Hapa ndipo wengine hunicheka: ohm 716, na bado unaitetea nondo? Naitetea kwa sababu ya RCD. Kwa ohm 716 stima ya hitilafu ni theluthi ya ampea, na breka ya ampea 32 haitajua kama kuna kitu. RCD ya miliampea 30 itajua na kukata, kwa kuwa hesabu ya volti 50 inavumilia hadi ohm 1667. Kitabu kinashauri usivuke 200 kwa kuwa juu ya hapo nondo huenda isitulie, na anayeishi na jilaal haelezwi maana ya kutotulia. Kwa hivyo teremka chini mpaka unyevu, ongeza nondo ya pili umbali usiopungua urefu wa ya kwanza, na upime mwezi wa Februari, si Mei.

Upime kwa kipimo. Nimeandika haya miaka nenda miaka rudi na bado naona fundi akichomeka balbu kati ya laivu na nondo, ikiwaka anasema arthi iko sawa. Balbu ya LED ya wati tano itawaka hata kupitia maelfu ya ohm. Na yule wa kutia chumvi na makaa kuzunguka nondo naye: chumvi inasafirishwa na mvua ya kwanza, ikiacha nyuma chuma kilicholiwa.

Wazee waliofunzwa enzi za East African Power and Lighting, kabla jina halijawa Kenya Power and Lighting mwaka 1983, walikuwa na Megger ya kuzungusha kwa mkono na daftari. Gottfried Biegelmeier wa Vienna naye alipima kwanza: alipitisha stima kwenye mwili wake mwenyewe kabla ya kuwaambia wengine kiasi gani kinavumilika, na RCD tunayoitegemea ina mkono wake. Mlinganishe mtu huyo na kamati iliyokwepa kuchimba.

RCD yenyewe iwe ya aina A yenye kinga ya miliampea 6 za DC, au aina B. Za aina AC zilizojaa madukani muachie mwenye duka.

Chaja ikija na kifaa chake cha volti, kiache kama chaja inaruhusu, ila igongelee nondo na usiunge nyutro na arthi kwenye boksi la mita. Kamati ilipata nafasi ya kukifuta kipengele kile kwenye marekebisho ya pili ya mwaka 2022. Haikukifuta.