Rafu ya Vitabu vya Unguja, na Waliokosekana Ndani Yake

Katika nyumba nyingi za watu wetu tulizokaribishwa, iwe Maskati, Dubai au London, tumekuta ukutani picha ya Beit al-Ajaib, na chini ya picha rafu yenye vitabu vile vile. Kipo cha Sayyida Salme, kwa Kiingereza au kwa Kiarabu. Kipo Juhaynat al-Akhbar cha Sheikh Said bin Ali al-Mughairi, kilichochapwa Maskati mwaka 1979. Mara nyingi kipo pia kile cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya Seyyid Said bin Sultan, nakala iliyochakaa, mgongo wake umeshonwa kwa uzi. Wenye nyumba huvionyesha kama mtu anavyoonyesha hati ya shamba.

Mjukuu wetu anayesoma chuo kikuu Uingereza alituletea orodha ya vitabu aliyopewa na mwalimu wake, ili aifahamu nchi walikotoka wazee wake. Akataka tuipitie, tufute na tuongeze. Tulidhani ni kazi ya baada ya alasiri moja. Imetuchukua wiki sita, na makala haya ni matokeo yake.

Hatukufuta hata kimoja. Burton, aliyefika Unguja kabla ya safari yake ya bara ya mwaka 1857 na kutoa kitabu chake mwaka 1872, ana faida akieleza pepo, bandari na biashara, na ana kejeli isiyovumilika akieleza watu. Ingrams, kitabu chake cha mwaka 1931, alikuwa afisa wa serikali ya Kiingereza. Alizipenda mila na ngoma zetu na akaziandika kwa bidii, lakini huandika kama mtu anayejua kuwa mkubwa wake atasoma. Lofchie wa mwaka 1965 aliandika moshi wa Mapinduzi haujatulia, na kila kitu kwake ni makabila na vyama. Tukaongeza cha Abdul Sheriff cha mwaka 1987, juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu, kwa sababu ndicho kinachomfunza kijana kwamba bei ya pembe Unguja ilitegemea mahitaji ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kumwona ndovu.

Sisi tuliosoma Kiarabu na Kiingereza tulifunzwa mapema kukiuliza kitabu cha Mzungu: kaandika nani, kwa amri ya nani, na alikuwa amekaa kiti gani alipokuwa akitazama? Suali zuri, na tumeliuliza maisha yetu yote. Vitabu vya rafu yetu wenyewe hatukuviuliza.

Tuanze na Salme, kwa kuwa ndiye anayependwa zaidi, na anastahiki kupendwa. Alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani mjane mwenye watoto watatu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1886. Hakuna mwingine aliyetuingiza upande wa wanawake wa nyumba ile. Mabwana waliotembelea waliishia barazani. Yeye anatupeleka ndani: nani anakaa wapi, nani hasemi na nani, Ramadhani inavyopita, mtoto wa kike anavyofundishwa kusoma lakini hafundishwi kuandika, naye akajifunza mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kurasa hizo tu, kitabu kinatosha kuwa hazina.

Lakini ndani yake mna sura juu ya utumwa, na sura hiyo katika nyumba zetu ama hurukwa ama hunukuliwa kwa furaha. Salme anautetea utumwa wa nchi yake mbele ya Wazungu. Hali ya watumwa, anadai, ni njema kuliko wanavyodhani, na kuukomesha kwa ghafla kunaleta madhara. Wazee wetu hupenda kuikariri hoja hii. Sisi wenyewe tuliwahi kuisema mbele ya wanafunzi.

Safari hii tulikisoma kitabu kizima kwa siku mbili, tukaona jambo ambalo miaka arubaini ya kukinukuu vipande vipande ilituficha. Huko mwanzoni Salme anamweleza mama yake, Msirkasi. Baba wa mama huyo alikuwa mkulima. Vita vikaja, wavamizi wakawaua wazee wake, wakawabeba watoto juu ya farasi, ndugu wakatenganishwa wasionane tena. Aliingia katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Salme anaukadiria umri huo kwa sababu moja: ndani ya nyumba yao ndipo mama yake alipong'oka jino la kwanza la utoto.

Mwandishi aliyetupa jino lile ndiye aliyeandika ile sura ya utetezi. Hakuziunganisha habari hizi mbili, na wala sisi wasomaji wake hatukuziunganisha. Kitabu chenyewe kinajipinga, na thamani yake kubwa iko hapo hapo kinapojipinga. Anayekisoma ili apate fahari atapata fahari. Anayekisoma kuijua nchi, na ashike jino lile mkononi anapofika kwenye sura ya utumwa.

Tuseme na letu. Shajara ya nasaba yetu imetundikwa sebuleni, imeandikwa kwa khati nzuri na imefika hadi kijiji cha Oman tulikotoka. Jina la babu yetu limo, na la baba yake limo. Mama yake hayumo. Alikuwa suria, aliyeletwa kutoka upande wa Unyasa. Sote katika ukoo tulilijua jambo hili, na hapana aliyelitaja mbele ya wageni. Kisheria halikuwa na aibu. Mtoto wa suria kwa bwana wake ni mtoto huru na anarithi, na Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala mmoja baada ya mwengine, wote ni wana wa masuria, kama Salme mwenyewe. Na ilipotoka amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, masuria waliwekwa kando, wakangoja mpaka mwaka 1909. Bibi huyo alipitia miaka kumi na miwili hiyo. Hatujui aliipitiaje, maana hapana aliyemuuliza.

Tunajua watakalosema baadhi ya wasomaji wetu: mnawapa watu silaha. Tumelifikiri sana neno hili. Baada ya tarehe 12 Januari 1964 neno "utumwa" lilitumika kuhalalisha kuuawa na kufukuzwa watu ambao hawakumiliki mtumwa hata siku moja, wauza kahawa, wachukuzi, watu wa duka la chumba kimoja. Aliyepotelewa na baba kwa hoja hiyo ana haki ya kulichukia neno. Lakini kunyamaza kwetu miaka sitini hakukuwarudisha wale wazee, na kumewaacha wajukuu wetu wakilisikia jambo hili mara ya kwanza darasani kwa wageni, nao hawana la kujibu isipokuwa hasira.

Kitabu cha pili tulichoongeza ni maisha ya Hamed bin Muhammed al-Murjebi, Tippu Tip. Ajabu kwamba kwenye rafu zetu hakionekani, na hali ni habari aliyoisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akaitangaza mwanzoni mwa karne iliyopita. Labda ni kwa sababu hana haya. Salme anatetea. Tippu Tip hatetei, anahesabu: frasila ngapi za pembe, bunduki ngapi, mateka wangapi, nani alimdai na nani alilipwa. Anaanza na umri wa miaka kumi na miwili, akifanya biashara ya sandarusi. Na kwa sisi wapenzi wa nasaba kuna kisa kinachostahili kusomwa kwa sauti. Alisikia kuwa mtawala mmoja wa bara, Kasongo Rushie, alipotelewa na dada zake waliotekwa vitani. Akaenda akadai kuwa mmoja wao ni bibi yake. Mzee yule akamkubali kuwa jamaa yake, akamwachia nchi ya Utetera. Ufalme mzima kwa shajara ya kubuni! Na tuangalie uongo ule ulijengwa kwa nini: kwa mwanamke aliyetekwa, ambaye kila mtu aliona ni jambo la kawaida awe bibi wa Mwarabu wa Unguja.

Riwaya ndizo zilizotuletea mzozo nyumbani. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1978, hairuhusiwi kuingia katika nyumba kadhaa tunazozijua. Tuliisoma kwanza kwa kificho, na tuliichukia. Sasa tunaihukumu kwa utulivu kidogo. Fuad, mwenye shamba, amechorwa kwa rangi moja. Mtungaji hakumpa hata saa moja ya kusita, na mtu asiyesita hatufundishi namna watu wa kawaida, wenye kuswali na kutoa sadaka, walivyoweza kuishi na dhuluma bila ya kuiona. Huo ni upungufu wa riwaya, licha ya siasa yake. Lakini Kijakazi! Mtumishi ambaye jina lake ndiyo kazi yake na ndiyo hadhi yake, anayemshughulikia bwana wake hata pale dunia nzima ilipokwisha kumwambia amwache. Shafi anaona utiifu ule ni usingizi, na anafanya haraka kumwamsha. Tungependa angemsikiliza kwanza. (Aliyemkataa Shafi kwa riwaya hii na asome Vuta n'kuvute ya mwaka 1999. Mtungaji alikwisha kua, na mji wa Unguja umo humo na watu wake wa kila namna.)

Abdulrazak Gurnah alisikiliza. Paradise ilitoka mwaka 1994, na tangu mwaka 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana umri wa miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri aliyezoea kumwita ami, kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Umri huo huo Tippu Tip alianza biashara. Watoto wawili wa pwani moja, mmoja anachukua bidhaa, mwengine ni bidhaa. Na Aziz, yule tajiri, ni mpole, hana makelele, ananukia manukato, watu humheshimu. Tulimtambua mara moja. Ndiye mgeni wa heshima katika harusi zetu, ndiye babu katika picha. Ndani ya nyumba yake yumo mzee wa bustani, Hamdani, anayeukataa uhuru anaopewa, kwa kuwa haoni kwamba anayempa aliwahi kuumiliki. Anabaki, kama Kijakazi anavyobaki, lakini kubaki kwake kuna hoja ndani yake, na msomaji anaondoka akiwa ameyumba.

Basi tulimpa mjukuu wetu mpango: Salme kwanza, na habari ya mama yake isomwe usiku mmoja na sura ya utumwa, kisha Tippu Tip, kisha Peponi, na Kasri baada yake, Burton na wenziwe mwisho, atakapokuwa na la kuwauliza. Alipomaliza Salme alikuja akasimama mbele ya shajara, akauliza, "Babu, mama yake huyu alikuwa akiitwa nani?"

Tukamwambia aliitwa Zafarani. Ndilo jina alilopewa nyumbani. Akauliza la kwao lilikuwa lipi.

Tumempelekea mwandishi wa khati ile shajara. Imerudi na mstari mmoja umeongezwa ubavuni mwa jina la baba wa babu yetu: Zafarani, wa Unyasa, na mbele yake nafasi tupu ya neno moja. Binamu yetu mmoja ameiona, na tangu siku hiyo hajaja kunywa kahawa.