Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali: Watoto wa Kampala katika Video za Muziki

Wanafunzi wetu hapa Dabani, karibu na mpaka wa Busia, siku hizi hujifunza juu ya rangi na asili za wanadamu katika video za muziki kuliko katika vitabu tunavyowasomesha. Aghalabu sisi walimu huzipuuza picha hizo, tukiziona mchezo wa vijana. Huko ni kujidanganya. Chombo kinachomwambia mtoto yeye ni nani hakina budi kuhakikiwa fani yake na maudhui yake, kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2017 msanii wa hip hop wa Marekani, French Montana, akishirikiana na Swae Lee, alitoa wimbo uitwao Unforgettable, na video yake ikapigwa Kampala. Waliompambia video hiyo kwa ngoma ni watoto wa kundi la Triplets Ghetto Kids, lililoanzishwa na Dauda Kavuma. Video hiyo imekwisha kutazamwa zaidi ya mara bilioni 1, na mwaka huohuo watoto hao walicheza na Montana jukwaani katika tuzo za BET huko Marekani.

Kwa upande wa fani, hatuna budi kusifu. Watoto wale wanacheza kwa ustadi na nidhamu ambayo haipatikani bila mazoezi ya muda mrefu. Lakini tukiyageukia maudhui twakuta ufa. Maneno ya wimbo yanahusu mwanamume na mwanamke waliovutana katika starehe za usiku. Hayataji Uganda, wala hayamtaji mtoto yeyote. Watoto wenyewe hawakupewa ubeti hata mmoja wa kuimba. Basi wamefanya nini humo? Wamekuwa mandhari, sawa na ule udongo mwekundu wanaouchezea. Mtazamaji wa mbali, asiyepata kufika Uganda, ataondoka na sura moja tu ya mtoto mweusi: maskini, mwenye furaha isiyo na sababu, anayecheza vumbini na asiyekuwa na neno la kusema.

Huenda msomaji akasema kwamba vumbi lipo Kampala, na watoto hucheza kweli. Twakubali. Kwa hiyo na tulinganishe. Mwaka 2014 watoto wa kundi hilohilo walijulikana duniani kwa video waliyocheza wimbo wa Eddy Kenzo uitwao Sitya Loss, yaani "siogopi hasara". Udongo ni uleule, na umaskini ni uleule. Lakini hapo mwimbaji, ambaye naye aliwahi kuishi mitaani utotoni, anaimba kwa Kiganda juu ya kutokata tamaa, na miili ya watoto inayajibu maneno hayo. Wao ndio wahusika wakuu, na umaskini si pambo bali ni kitu wanachokishinda mbele ya macho yetu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Hatumshtaki Montana kwa nia mbaya. Yeye mwenyewe alizaliwa Moroko, akahamia New York akiwa kijana. Ni Mwafrika kwa kuzaliwa. Aidha, baada ya safari ile alichanga dola 100,000 kwa ajili ya kituo cha afya cha Suubi, upande wa Jinja. Na hip hop yenyewe ilianzishwa katika miaka ya 1970 na vijana wa Bronx, weusi na wenye asili ya Karibiani na Amerika ya Kilatini, waliotaka kujisemea wenyewe. Hapo ndipo penye funzo. Sura potofu ya mtu mweusi haihitaji adui ili ienee. Hata ndugu huweza kuibeba, ikiwa anaiona Afrika kwa jicho la soko analouzia.

Sisi walimu wa lugha tulitazame pia jina la kundi. Neno "ghetto" lilitoka Venice, ambako mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wao. Baadaye likapachikwa mitaa ya watu weusi wa Marekani, kisha likafika Kampala. Lakini vijana wa Kiswahili wamelichukua na kulifanya "geto", chumba cha kijana anayejitegemea, mahali pa kujivunia. Watu wanaweza kulipindua jina walilopewa, ila sharti wawe na kinywa cha kulisemea.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Kiswahili nacho kilipigwa picha katika nchi hii: kwa miaka mingi Waganda wengi walikiona lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, mzazi angali akimwuliza mwanawe anakisomea nini. Sheria hubadilika kwa siku moja; sura iliyokaa machoni mwa watu huchukua kizazi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wasizifukuze video hizi darasani. Waonyesheni wanafunzi hizo mbili tulizozitaja, kwanza bila sauti, halafu pamoja na sauti. Kisha waulizeni: nani anasema, nani anasemewa, na nani amenyamazishwa? Wajibu kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe. Mtoto wa Dabani akiweza kujibu maswali hayo, atajua pia la kumwambia mtu atakayekuja siku moja na kamera, akimwomba acheze tu.