Toyota Celica ya 2001 mu barabara ya Likasi

Wandugu, nianze na kukubali: ile gari ni ya kupendeza. Nimeizunguka mara tatu mu kiwanja cha muuzaji hapa Lubumbashi, na kila mara nilisahau maulizo niliyoandika mu karatasi. Celica ya 2001, rangi ya feza, milango mbili, imetoka Japani na volanti mukono wa kuume. Bei dola 3 800. Mimi niko na 4 100, faida ya misimu mbili ya mahindi na kazi moja ya kupima udongo. Najua wengi wenu muko mu hali hii: licence imekwisha, pesa ya kwanza imeingia, na gafula unaona gari ya sport inauzwa chini ya bei ya Premio.

Ulizo la kwanza ni hilo: juu ya nini chini ya Premio? Watu wa taxi hawaitaki, na watu wa taxi hawana mapenzi na gari, wako na hesabu.

Sifa zake ni za kweli. Umbo lilichorwa na Calty, ofisi ya michoro ya Toyota kule California, na miaka zaidi ya makumi mbili haijalizeesha. Ni nyepesi, kilo 1 100 na kitu. Mu kona volanti inajibu mara moja, hapana kama zile gari zetu zinazofikiri kwanza. Mulango wa nyuma unafunguka mukubwa: ukilaza viti, mifuko mbili ya urea inaingia, nilipima (muuzaji alinitazama vibaya). Na motere ya 1ZZ-FE, litre 1,8, farasi karibu 140, njo ile ile iko mu Premio na Allion za 1,8 za miaka ile. Kwa hiyo mekanisye anaijua.

Lakini kuko Celica na Celica. Kuko ingine ya motere 2ZZ-GE, Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, farasi 190, ikipita mizunguko 6 000 kwa dakika inabadilika sauti na tabia. Lotus waliichukua kwa kuitia mu Elise. Ile, sawa, tuseme gari ya sport. Yangu (tayari naiita yangu, muone ugonjwa) haiko ile. Yangu iko na vitesi ine za otomatiki. Unakanyaga, inanguruma, inafikiri, kisha inaenda. Umbo linaahidi kitu, motere inatoa kingine, na hiyo kwangu ni kosa kubwa kuliko kukosa mbio. Premio haidanganyi mutu.

Muuzaji aliniambia: «Injeniere, hii ni gari ya rally, imeshinda Safari ya Kenya. Njia ya shamba itaifanya nini?» Nusu ya ile maneno ni kweli. Celica ilishinda Safari Rally mara mingi: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan, mwana wa Kenya mwenyewe, 1994. Ila zile zilikuwa GT-Four, zenye turbo, zinavutwa na magurudumu yote ine, na GT-Four ilikomea 1999. Celica iliyofuata inavutwa na magurudumu ya mbele tu, bila turbo, na pua yake iko chini kabisa. Ni kama mutu akuuzie mbegu ya kizazi cha pili kwa jina la hibridi. Jina ni lile, mavuno utaona mwenyewe.

Siku ya Yenga tukaenda Likasi, kilometa karibu 120. Hapa njo nilielewa kitu ambacho picha haionyeshi. Sisi tunatembea kuume ya barabara, na volanti iko kuume. Mbele yetu lori ya shaba, ndefu, inavuta pole pole. Kwa kuipita lazima utoe nusu ya gari inje ndipo macho yako yafike. Premio ya volanti kuume iko na shida ile ile, lakini Celica unakaa chini sana, unaona magurudumu ya lori na hakuna kingine. Kwa hiyo muuzaji njo alikuwa macho yangu: «Ngoja… ngoja… ngoja… pita!» Tulipita lori saba hivyo. Ya tano, alisema pita mapema. Lori ya asidi ilikuwa inakuja, ikapiga honi, nikarudi. Kisha hapo hatukusemezana mpaka Likasi. Na siku nitakuwa peke yangu, nani ataniambia pita?

Ile gari inanunuliwa juu ya kupita wengine. Bila mutu wa kushoto, njo kitu haiwezi kufanya kwa amani.

Tulirudi jioni. Niliacha motere ipoe, nikavuta kijiti cha mafuta. Asubuhi mafuta yalikuwa kwenye alama ya juu. Jioni yalikuwa yameshuka robo ya nafasi kati ya alama mbili, na tumetembea kilometa 240 tu. Asubuhi, wakati wa kuwasha, moshi wa buluu kidogo ulitoka, nami nikajiambia ni baridi. Haikuwa baridi. 1ZZ za miaka ya kwanza ziko na ugonjwa unaojulikana: mashimo ya kurudisha mafuta mu pistoni ni madogo, yanaziba, pete zinakwama, na motere inakunywa mafuta. Toyota walibadilisha pistoni baadaye. Mwenye kuangalia kijiti kila juma anaishi nayo. Asiyeangalia anaua motere. Mekanisye wangu aliomba dola 700 kwa kufungua, pete na pistoni mupya.

Na kufanana na Premio kunakomea chini ya boneti. Parashoki, fari, vioo, milango, vyote ni vya Celica peke yake, na mbuzi mmoja wa Kipushi anatosha kukufanya uagize Japani.

Mudogo wangu, ambaye ananisaidia mu shamba, alisikiliza hesabu yote mpaka mwisho, kisha akauliza: «Yaya, na mbolea ya mwezi wa kumi na moja?» Nilimwambia iko mu ile 4 100. Akanyamaza, na yeye hanyamazake.

Jana usiku muuzaji aliniandikia: dola 3 100. Nilimujibu kwamba siku ya Posho, saa mbili ya asubuhi, nitafika na mekanisye, na nikamuomba asiiwashe mbele sisi tufike.