Daktari keshabofya, mgonjwa bado yuko foleni: tunapima haraka ya nani?

Msomaji, hebu tuanze na safari. Mtoto wa miaka mitatu ana homa kali huko Mtowisa, Bonde la Ziwa Rukwa. Anapewa rufaa, gari linaanza kupanda ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Sumbawanga mjini. Kama umewahi kupita njia hiyo, unajua kwamba pale dereva hakimbii hata umpigie kelele. Safari hii nimeibuni, ila swali lake ni la kweli kabisa: gari likiwa bado kwenye kona, je, hospitali inaweza kuanza kumwagizia mtoto huyu damu, dripu na vipimo? Au ni mpaka mama afike dirishani, jina liingizwe kwenye kompyuta, ndipo daktari apate pa kubofya?

Nauliza hivyo kwa sababu mifumo ya kielektroniki hospitalini tunaisifia vitu viwili tu: mapato yameongezeka na makaratasi yamepungua. Vituo vyetu vya umma vimepata GoTHOMIS, mfumo ulioandaliwa chini ya OR-TAMISEMI, unaounganisha usajili, malipo, maabara na dawa. Ni hatua kubwa, sibishi. Mwandiko wa daktari usiosomeka peke yake umeshaleta balaa za kutosha. Lakini mtu akikuambia "siku hizi daktari anaagiza kwa sekunde", usipige makofi haraka. Muulize: sekunde hizo ni za nani?

Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwahi kujibiwa swali hilo kwa uchungu. Mwaka 2002 iliwasha mfumo wa madaktari kuagiza kila kitu kwa kompyuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia watoto waliohamishiwa pale kutoka hospitali nyingine. Katika miezi 13 kabla ya mfumo, walifariki asilimia 2.80. Katika miezi 5 baada yake, asilimia 6.57. Watafiti walieleza yaliyobadilika. Zamani daktari aliandika maagizo mtoto akiwa bado njiani; baada ya mfumo, ilibidi afike kwanza na asajiliwe. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zilihamishiwa famasia kuu. Na wakati dakika ni za kuhesabu, daktari na nesi walikuwa wamekodolea skrini.

Sasa tuwe waangalifu. Kulinganisha kabla na baada hakuthibitishi kwamba kompyuta ndiyo iliyoua. Tena Seattle walifunga programu ya kampuni ileile, na vifo katika wodi yao ya watoto mahututi havikuongezeka. Wao walikuwa wamejiandaa kwa seti za maagizo, yaani orodha zilizopangwa tayari kwa ugonjwa husika. Chukua malaria kali: kipimo cha malaria, wingi wa damu, sukari, na artesunate ya sindano kwa uzito wa mtoto, vyote vinatokea pamoja. Daktari anahakiki, anatoa kisichohitajika, anathibitisha mara moja. Hapo ndipo ufanisi ulipo: kazi ya kufikiri ifanyike mapema, watu wakiwa wametulia, siyo usiku wa manane mtoto akiwa anadegedeka.

Ila seti nayo ina mtego wake. Kile kilichowekewa tiki tayari, binadamu huwa hakitoi. Kipimo kimoja cha ziada ndani ya seti ni mbofyo sifuri kwa daktari, lakini kwa mkulima wa mahindi wa Laela anayelipa kutoka mfukoni ni pesa, na ni safari nyingine ya kwenda dirisha la malipo na kurudi.

Turudi Afrika Mashariki. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu wa kompyuta Februari 2001. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na husimuliwa kama hadithi ya ushindi: muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na kusubiri kukapungua kwa asilimia 38. Safi. Lakini soma mstari mzima. Muda wa mgonjwa na mhudumu wake ulipungua kwa asilimia 58. Na kitakwimu, huo ndio ulikuwa ushahidi mzito. Ule wa kusubiri ulikuwa na thamani ya p ya 0.06, yaani ulikosa kidogo mpaka wa 0.05 ambao watafiti wengi huutumia kusema "hii si bahati tu". Utafiti uliongeza kwamba wahudumu walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi.

Unaona tatizo? Muda uliokolewa, lakini haukurudi kwa mgonjwa. Mama anayehitaji dakika mbili zaidi ili aseme kwamba mtoto hanyonyi, naye ni sehemu ya tiba.

Hukohuko Eldoret, jaribio lililochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wanaoishi na VVU lilionyesha njia nyingine. Kompyuta ilikagua faili, ikachapisha muhtasari wa mtoto wenye vikumbusho: kipimo hiki kimechelewa, kiagize. Shughuli zilizochelewa zikakamilishwa kwa asilimia 68, dhidi ya 18 pale ambapo vikumbusho havikutolewa. Na daktari alivisoma kwenye karatasi! Kompyuta ilichukua kazi ya kukumbuka, ikamwachia mtu kazi ya kuamua.

Hilo la karatasi lisikupite hivihivi. Sumbawanga imetegemea umeme wa kutoka Zambia kwa miaka mingi, na kukatika kwa umeme hakuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Ufipa. Mfumo usio na fomu mbadala iliyopangwa sawasawa na skrini yake, umeme ukikata, unamrudisha daktari kwenye kipande cha karatasi na mwandiko uleule tulioukimbia.

Kwa hiyo tusihesabu mibofyo peke yake. Saa ianze pale daktari anapoamua, isimame pale dawa inapoingia mwilini au majibu ya maabara yanapomfikia aliyeyaagiza. Katikati kuna dirisha la malipo, maabara, foleni ya dawa. Mfumo ukimharakisha daktari kwa dakika moja na kumwongezea mgonjwa nusu saa ya foleni, haujaharakisha kitu. Umehamisha mzigo kwa yule asiye na sauti.

Siku ukienda hospitali, jaribu hili: angalia saa daktari anapomaliza kuandika, kisha uiangalie tena ukishika dawa mkononi. Namba hiyo ndiyo wabunifu wa mifumo wanapaswa kuulizwa. Mtoto wa Mtowisa hajui kubofya, lakini dakika zote hizo ni zake.