Safu Inayokosekana: Uhakiki wa Jedwali la Hitilafu za Haidroliki

Mwishoni mwa vitabu vingi vya mwongozo wa matrekta madogo ya bustani pana kurasa chache zinazofunguliwa siku ya shida tu. Humo mna jedwali la hitilafu: safu tatu, mistari mifupi, maneno ya kuhesabika. Kushoto tatizo, katikati sababu, kulia dawa. Nalihakiki hapa kama zinavyohakikiwa kazi nyingine za maandishi, kwa kuitazama fani yake, maana fani hiyo ndiyo inayomwongoza fundi au kumpoteza. Mfano wangu ni sehemu ya haidroliki katika trekta lililofungwa plau ya kusukuma theluji, kule kwenye majimbo ya baridi ya Marekani: Minnesota, Wisconsin, Maine.

Kampuni ya International Harvester ilitoa Cub Cadet mwaka 1961, John Deere ikafuata na modeli ya 110 mwaka 1963, na mwaka 1964 Case ikakinunua kiwanda kidogo cha Colt huko Wisconsin. Matrekta ya bustani ya Case yakajulikana kwa kuendeshwa na oili: pampu moja inazungusha magurudumu na pia kuinua kifaa kilichofungwa mbele. Mwenye nyumba akakata majani wakati wa joto, na theluji ilipoanguka akafunga plau na kufungua njia ya gari. Leo miji kama Portland ya Maine ina wakazi wengi waliotoka Kongo, Kiswahili chao wakiwa nacho. Kwa msomaji wa huko, plau isiyopanda alfajiri ya Januari ni gari lisilotoka nyumbani na kazi inayochelewa.

Tuanze na muundo. Chukua mstari mmoja: plau haipandi. Mbele yake sababu hupangwa hivi: oili imepungua, filta imeziba, hewa imeingia kwenye mfumo, vali ya usalama imekwama wazi, pampu imechakaa. Mpangilio huu una busara. Unaanzia kwenye kijiti cha kupimia oili, kitu ambacho hata mtoto anaweza kukichomoa na kukitazama, na unaishia kwenye pampu, ambayo bei yake inaweza kumfanya mtu afikirie kuliuza trekta. Ndani ya orodha hiyo kavu umo ushauri mzito ambao haukutamkwa: usivunje kabla hujatazama. Anayeifuata kwa mfuatano wake analinda mfuko wake. Anayerukia mstari wa mwisho ananunua pampu mpya kwa ajili ya filta chafu.

Nyakati za jedwali nazo zina utaratibu wake. Safu ya kwanza inaeleza linaloonekana sasa, ya pili inaeleza lililokwisha kutokea, ya tatu inatoa amri ya litakalofanywa. Ongeza, safisha, badilisha. Mwandishi amejificha kabisa. Hana nafsi, hana shaka, hasemi huenda. Sauti hiyo ya uhakika inamtuliza mtu aliyesimama kwenye baridi na funguo mkononi, na hilo ni jambo jema. Lakini kutoka tatizo hadi amri, jedwali limeruka hatua nzima ya uchunguzi. Vitenzi vya kubadilisha vimejaa. Vya kupima, kusikiliza na kulinganisha ni haba.

Pengo lililo kubwa zaidi ni la wakati wa hitilafu yenyewe. Chukua matrekta mawili yenye tatizo lilelile la plau kukataa kupanda. La kwanza limelala kwenye banda lisilo na moto, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi plau haichezi, pampu inalia kwa sauti kali isiyokatika. Baada ya robo saa injini ikizunguka, plau inaanza kunyanyuka polepole, na adhuhuri inapanda kama kawaida. La pili linapanda vizuri asubuhi, kisha baada ya saa moja ya kazi linalegea, na mwishowe plau inaburuzwa tu. Jedwali linayaweka yote mawili kwenye mstari mmoja na kuyapa orodha moja ya sababu. Kumbe magonjwa yao yanapingana.

Katika trekta la kwanza oili imeganda kwa baridi hadi kuwa nzito kama asali, au filta imeziba nusu, au maji yaliyoingia kwenye oili yamekuwa barafu kwenye njia ya kuvutia. Pampu inavuta na haipati. Kilio kile ni cha pampu yenye njaa. Dawa yake ni oili ya daraja linalofaa baridi hiyo, filta mpya, na kuyamwaga maji yote. Katika trekta la pili pampu imekwisha. Oili ikiwa baridi na nzito inaziba mapengo yaliyolika ndani yake, kwa hiyo presha inapatikana. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inaponyoka kati ya meno ya gia na ukuta wa pampu, na nguvu inapotea. Vali ya usalama iliyokwama wazi nayo ina tabia yake: haichagui asubuhi wala jioni, udhaifu ni uleule siku nzima. Sababu tatu, nyakati tatu. Neno moja tu, lini, lingezitenganisha kabla ya kufungua hata nati moja.

Mstari mwingine unaonyesha udhaifu huohuo kwa upande wa vitenzi: plau inashuka yenyewe ikiachwa juu. Jedwali hutaja sili za pistoni na vali ya kuongoza, kisha huamuru kubadilisha. Lipi kati ya hayo mawili? Hapo limenyamaza, ingawa jibu linapatikana kwa uchunguzi mfupi. Inua plau hadi pistoni ifike mwisho wa mwendo wake, iegemeze kwenye stendi imara, zima injini, toa presha kwa kuchezesha wenzo. Fungua mpira wa upande wa silinda usioinua, uzibe mdomo wa mpira huo, uache tundu la silinda wazi na chombo chini yake. Kisha washa, kaa mbali na tundu hilo, na ushike wenzo kwenye nafasi ya kuinua. Oili ikiendelea kutiririka kwenye tundu, inapita kando ya pistoni, na sili zimekwisha. Tundu likibaki kavu, usiiguse silinda. Itafute hitilafu kwenye vali. Maelezo hayo yangekula mistari michache tu, na yangemwokoa mtu asifumue silinda nzima bure.

Vipo vitabu vinavyotumia fani nyingine, mti wa maswali ya ndiyo na hapana. Mti unarudisha kile jedwali lilichokitupa, yaani mfuatano. Swali lake la kwanza linapokuwa zuri hukata kazi nusu. Kwa matrekta ya Case, swali hilo ni hili: je, trekta linatembea kwa nguvu? Kwa kuwa pampu ni moja, magurudumu yakivuta vizuri huku plau imekwama, pampu haina kosa, na uchunguzi unahamia kwenye vali ya kuinulia, mipira na silinda. Udhaifu wa mti ni kwamba kosa moja la jibu hukupeleka tawi la mbali, na huko huoni tena picha nzima. Jedwali linakuonyesha yote kwa jicho moja. Ndiyo maana silikatai; nalitaka likamilike.

Limebaki suala la onyo, na hapa siwezi kusema kwa upole. Kwa desturi maonyo ya usalama hupangwa mwanzoni mwa kitabu, mbali na jedwali. Lakini hatari iko kwenye mstari wa uvujaji, pale mtu anapoambiwa atafute mahali oili inapotokea. Presha ya kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, ikisukuma pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5, huzaa nguvu ya karibu tani 1. Oili yenye presha kubwa ikitoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano inaweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, pengine halina hata maumivu makali mwanzoni, lakini oili iliyoingia ndani huharibu nyama na inaweza kumfanya mtu apoteze kidole au mkono. Ni dharura ya kupelekwa hospitali papo hapo. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja. Onyo lisiloandikwa kwenye mstari huo limeandikwa mahali pasipofaa.

Hukumu yangu ni kwamba jedwali la hitilafu ni maandishi mazuri yaliyoachwa kabla ya kukamilika. Ufupi wake ni fadhila na mpangilio wa sababu zake ni hekima. Linahitaji safu ya nne, ya lini, vitenzi vya kupima kabla ya vile vya kubadilisha, na onyo mahali hatari ilipo. Wewe unayemiliki trekta la namna hii usingoje toleo jipya. Chukua kalamu leo, chora safu hiyo pembeni mwa ukurasa, na kila plau inapogoma andika: ilikuwa saa ngapi, baridi kiasi gani, injini imezunguka kwa muda gani, sauti gani imesikika. Fundi utakayemwita atahitaji maelezo hayo kabla ya kushika spana.