Dirisha la Mashariki: Jinsi Dania Inavyostawi Ndani ya Nyumba Shieywe

Kakamega ni mji wa mvua. Kwa mwaka hunyesha kiasi kinachokaribia milimita 2,000, na hata miezi ya Desemba hadi Februari, ambayo ndiyo mikavu kuliko mingine, haikosi manyunyu. Mtu akikuza dania na mnanaa ndani ya nyumba katika wadi ya Shieywe, swali la kwanza ni kwa nini ajisumbue, ilhali nje kila kitu huota. Anayeishi katika ploti ya kupanga analijua jibu. Ua umesakafiwa kwa simiti, kuku wa majirani hutembea watakako, na mvua ya alasiri, ambayo mara nyingine huja na mawe, hulaza mashina laini ya dania na kuyapaka matope. Fungu la dania lililonunuliwa sokoni asubuhi, pasipo friji, huwa limelegea kufikia wakati wa kukatia kachumbari ya jioni.

Jirani yangu, mwalimu anayepanga nyumba ya vyumba viwili, sasa hukata dania, mnanaa, mrehani na kitunguu cha majani bila kutoka mlangoni. Mwanzoni mimea yake ilikuwa ikifa. Kila aliyeiona alimshauri kuhusu maji: wengine walisema anazidisha, wengine kwamba anapunguza. Nimeufuatilia mpango wake kwa makini, na nimeridhika kwamba maji hayakuwa chanzo. Kilichobadilisha mambo ni mwanga, na mwanga wa dirisha la Shieywe una kanuni ambazo vitabu vingi vya bustani havizitaji.

Jua linapita wapi

Vitabu vingi vya kukuza viungo ndani ya nyumba vimeandikwa Ulaya na Marekani. Humwambia msomaji atafute dirisha linalotazama kusini. Kwa mtu wa London ushauri huo ni sahihi: saa sita mchana jua huwa upande wa kusini mwaka mzima, na mwishoni mwa Desemba hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo miale yake huingia mpaka katikati ya chumba.

Kakamega iko chini ya nusu nyuzi kaskazini mwa ikweta. Hapa jua la mchana hupita karibu na utosi. Hata Desemba, linapoelekea kusini kabisa, saa sita huwa kwenye nyuzi 66 hivi. Sasa chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mabati lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta. Kwa pembe hiyo, kivuli cha ukingo wa paa hushuka sentimita 135 ukutani. Ikiwa sehemu ya chini ya dirisha iko sentimita 110 chini ya ukingo huo, dirisha lote liko kivulini. Miale ya mapema asubuhi na ya jioni hulifikia kwa kukwangua ukuta tu, na kwa nusu nyingine ya mwaka jua huwa limehamia upande wa kaskazini. Dirisha la kusini ambalo ni zuri London, Shieywe huwa na mwanga hafifu.

Dirisha la mashariki lina hesabu nyingine. Karibu na ikweta jua huchomoza kama linalopanda ngazi iliyosimama wima, nyuzi 15 kila saa. Huku magharibi mwa Kenya huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika chache asubuhi. Kwa paa lile lile na dirisha lile lile, kivuli hakifiki sehemu ya chini ya dirisha mpaka jua litimize nyuzi 61. Maana yake ni takriban muda wa saa 4 za jua la moja kwa moja, na muda huo haubadiliki sana Machi wala Juni wala Desemba.

Dirisha la magharibi lingepaswa kupata kiasi hicho hicho jioni. Lakini Kakamega alasiri ni wakati wa mawingu: upepo kutoka Ziwa Viktoria hukutana na hewa inayotoka mashariki, wingu hupanda, ngurumo huanza. Jua la asubuhi ni la kutegemewa, la jioni ni la bahati.

Mwalimu alianza kwa kuweka mikebe yake jikoni kwa sababu ndiko viungo vinakotumika. Dirisha la jikoni linatazama magharibi, na mbele yake pana ukuta wa ploti ya pili. Alipoihamishia sebuleni, kwenye dirisha la mashariki, hakubadilisha mbegu wala udongo. Mimea ilinyooka.

Kwa nini maji yalilaumiwa

Mmea hunyonya maji kwa kadiri majani yake yanavyoyapumua hewani, na kasi hiyo hutegemea sana mwanga. Kwenye kiza majani hupumua kidogo, hivyo maji yale yale ambayo yangekwisha kwa siku mbili dirishani hubaki kwenye mkebe kwa juma zima. Nafasi za hewa katika udongo hujaa maji, mizizi hukosa oksijeni, huoza, na majani hunyauka. Mwenye mmea akiona majani yamenyauka, huongeza maji. Ndivyo mmea unavyofia kwenye maji huku ukionekana una kiu.

Dalili ya kweli huonekana mapema zaidi. Shina hurefuka, huwa jembamba na jeupe, majani huachana, na mche mzima huinamia dirisha. Kuinama huko kunasababishwa na homoni ya ukuaji inayokusanyika upande wa kivuli na kuurefusha kuliko upande wa mwanga. Ukiiona dalili hiyo, usiguse kopo la maji. Sogeza mkebe.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Asubuhi, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mmea, kisha shika mkono juu yake. Kivuli chenye ukingo mkali kinaonyesha mwanga unaotosha dania na mrehani. Kivuli chenye ukungu kinatosha mnanaa pekee. Pasipo kivuli, hapafai kitu. Safisha pia kioo, hasa palipo na jiko la makaa, kwa kuwa masizi hula mwanga, na moshi una gesi ya ethilini inayozeesha majani kabla ya wakati.

Mkebe na udongo

Mwalimu hutumia makasuku, yaani mikebe iliyokwisha mafuta ya kupikia, iliyotobolewa chini kwa msumari uliopashwa moto. Matundu hayo ni ya lazima. Udongo mwekundu wa Kakamega una mfinyanzi mwingi, na ukijazwa peke yake kwenye mkebe hushikamana kama tofali. Yeye huchanganya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na moja ya mchanga wa mto. Kabla ya kupanda humwagia mchanganyiko maji yanayochemka na kuuacha upoe, ili kuua kuvu wanaoangusha miche michanga.

Dania ina mzizi mkuu unaoshuka chini na haipendi kuhamishwa, hivyo hupandwa moja kwa moja kwenye mkebe wenye kina cha sentimita 20 hivi. Kile tunachokiita mbegu ni tunda lenye mbegu mbili. Mwalimu huliviringisha chini ya chupa mpaka lipasuke, huliloweka usiku kucha, kisha hulifukia sentimita moja. Huota kati ya juma moja na matatu. Dania ya duka la viungo huota ikiwa haijakaangwa wala kuzeeka. Ya agroveti huota vizuri zaidi, lakini iliyopakwa dawa ni ya kupanda tu. Kwa kuwa dania hutoa maua na kumaliza safari yake mapema, yeye hupanda mkebe mpya kila baada ya majuma matatu.

Mnanaa na mrehani haihitaji mbegu. Kikonyo chenye urefu wa kidole, majani ya chini yakiondolewa, hutoa mizizi kwenye glasi ya maji kwa muda wa juma moja au mawili. Mnanaa upewe mkebe wake, maana mashina yake yanayotambaa huwameza wenzake. Kitunguu cha majani ni rahisi kuliko vyote: kipande cha chini chenye mizizi hurudishwa udongoni baada ya kupika.

Mahali pa kukata

Ukiangalia shina la mrehani kwa karibu, utaona majani mawili yanayotazamana, na kwenye kila kwapa kichipukizi kidogo. Kilele cha shina hutuma homoni inayovizuia vichipukizi hivyo kuamka. Mwalimu hukata kwa mkasi juu kidogo ya kwapa hizo, kilele kinaondoka, na shina moja linakuwa mawili. Anayechuma jani moja moja kutoka chini hupata mti mrefu ulio uchi. Kwenye dania yeye hukata majani ya nje na kuuacha moyo. Hakati zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, kwa sababu majani ndiyo yanayoulisha mmea.

Anayetamani kukuza saga au terere ndani ya nyumba aache. Mboga hizo mbili zina njia maalumu ya kutumia jua kali la uwanjani, na dirisha haliwezi kuzipa jua hilo. Ambaye madirisha yake yote yamefungwa na kuta anaweza kuning'iniza balbu nyeupe ya LED ya wati 10 sentimita 20 juu ya mkebe kwa saa 12 kila siku. Hutumia uniti 3.6 za stima kwa mwezi. Kama hataki gharama hiyo, apande mnanaa.

Nimeandika haya kwa sababu watu wengi katika ploti zetu wameacha kupanda wakiamini hawana mkono wa mimea, ilhali walikosa nyuzi chache za jua. Na wanaojenga nyumba za kupanga Shieywe wanaweza kulimaliza tatizo hili kwenye mchoro: dirisha la jikoni litazame mashariki, lisizibwe na ukuta wa jirani, na sehemu yake ya chini iwe pana ya kubeba mkebe. Mkodishaji haongezi gharama kubwa, na mpangaji anapata shamba.