Uhasibu na Kodi Vyuoni: Elimu kwa Faida ya Nani?

Vyuo vyetu vya fedha na biashara hufundisha mada za siku hizi katika uhasibu na kodi ya mapato. Hatulipingi somo hilo. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, na mhasibu asiyefuata mabadiliko ni hasara kwa nchi. Tunachokosoa ni namna linavyosomwa. Mara nyingi mwanafunzi hupokea orodha ya vifungu na viwango, huvikariri, huvimwaga mtihanini, kisha huvisahau. Swali la msingi halijitokezi: tarakimu hizi zinahamisha jasho la nani, na kulipeleka wapi?

Tukumbuke tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka mabenki na njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Ikadhihirika kwamba kumiliki mali ni jambo moja, na kuweza kusoma hesabu za mali hiyo ni jambo jingine. Mwaka 1972 zikatungwa sheria za kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Uhasibu ulikuwa silaha ya umma ya kulinda mali yake.

Leo mazingira ni mengine, lakini haja ni ile ile. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitaka kampuni ijikadirie kodi yenyewe, na kiwango cha kawaida ni asilimia 30 ya faida. Maana yake mhasibu ndiye wa kwanza kuiandika kodi. Mamlaka ya Mapato hufika baada yake.

Tuchukue mfano. Kampuni iliyoko nchini inaiuzia kampuni dada ya ng'ambo bidhaa kwa shilingi 70, na bei halali sokoni ni 90. Shilingi 20 za faida zimevuka mpaka, na shilingi 6 za kodi zimepotea. Sheria inataka kampuni za jamaa moja ziuziane kwa bei ambayo wasiohusiana wangeuziana. Au kampuni mama inaikopesha kampuni tanzu badala ya kuipa mtaji. Gawio hutoka katika faida iliyokwisha kutozwa kodi, lakini riba huipunguza faida kabla ya kodi. Hivyo faida huondoka nchini ikiwa imevaa kanzu ya riba. Ndiyo sababu sheria imeweka kikomo cha uwiano wa deni na mtaji, 7 kwa 3, kwa kampuni zenye umiliki mkubwa wa kutoka nje. Mwanafunzi anayekariri uwiano huo bila kujua unaziba tundu gani hajasoma kitu.

Sasa atoke darasani, apite sokoni. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenzake mwenye mauzo hayo hayo na kumbukumbu kamili alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Kwa mama lishe, daftari lilikuwa na thamani ya shilingi 70,000. Kampuni kubwa huajiri wahasibu na washauri. Mama huyu ana nani?

Wapo wasemao kwamba uhasibu ni ufundi tu, hauna upande. Hoja hiyo ni dhaifu. Kalamu inayoziba tundu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kulitoboa, na fundi asiyeuliza humtumikia yeyote anayemlipa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mitihani itungwe kutokana na hesabu halisi za mashirika na kampuni zilizotangazwa hadharani. Pili, kila mwanafunzi awasaidie wafanyabiashara wadogo kufungua na kutunza vitabu, na kazi hiyo ipewe alama. Tatu, makada nao wasome. Diwani anayepokea taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali bila kuielewa amewaacha wananchi wake bila mlinzi.

Mali bila daftari huisha bila habari. Wasomi wetu wa uhasibu wamesomeshwa kwa kodi ya wananchi, wajifunze kuilinda.